Kunyonyesha Uchagani, Pwani na Umasaini: mila ipi uibebe na ipi uiache

Ukiolewa kabila lingine haya utayajua mapema sana. Mimba ikifika miezi nane simu zinaanza, mama yako anasema njoo ujifungulie nyumbani, mama mkwe anasema mjukuu wetu azaliwe huku kwetu, na kila mmoja ana sufuria yake, ana mizizi yake na ana sheria zake za ziwa. Hakuna anayekutakia mabaya hapo, wote wanakupenda, shida ni kwamba huwezi kuwafuata wote maana wanapingana, huyu anataka mtoto apewe maji ya uvuguvugu siku ya kwanza yule anataka samli, huyu anakukataza maharage yule anasema bila maharage maziwa hayatoki.

Kwahiyo nimeona niziweke hizi mila moja kando ya nyingine tuzitazame. Nitakaa zaidi na tatu, ya Uchagani, ya pwani na visiwani, na ya Wamasai, na pale inaposaidia ntachungulia kwa Wakikuyu, Wajaluo, Waturkana na Wahadzabe. Kipimo changu ni kimoja na nakitaja sasa hivi ili usishangae huko mbele: mila inayomlisha mama na kumpumzisha naipa maksi za juu karibu kila mara, mila inayotia kitu mdomoni mwa mtoto kabla ya miezi 6 naikata, hata kama ni ya kwetu. Na jamani nikisema Wachaga wanafanya hivi simaanishi kila Mchaga, kuna wa Moshi mjini hajawahi hata kuona kisusio, ile supu yenye damu ya mnyama. Naongelea yale utakayoyakuta ukienda kijijini kwa bibi.

Saa ya kwanza

Hapa mila zote tatu zinagongana na kliniki na sababu ni ileile, zote zinaamini mtoto apewe kitu kabla ya ziwa au pamoja na ziwa. Pwani mtoto akishaadhiniwa sikioni inafuata tahniki, tende inatafunwa mpaka ilainike inapakwa kaakaani, na wengine badala ya tende wanatumia asali. Umasaini ni samli au siagi ya ng'ombe, na ukienda juu kabisa kwa Waturkana wa Kenya unakuta kitu kinachofanana, mafuta ya maziwa toka mtoto akiwa mchanga kabisa. Uchagani na sehemu nyingi za bara ni maji ya uvuguvugu, wengine wanatia sukari au glukosi, eti mtoto asilale njaa wakati maziwa ya mama hayajashuka.

Hiyo "hayajashuka" ndo inaponza wengi. Siku mbili tatu za mwanzo inatoka dang'a, yale maziwa mazito ya njano, na inatoka kidogo, vijiko kadhaa tu kwa siku, na tumbo la mchanga nalo halihitaji zaidi ya hapo. Bibi wengi walifundishwa kwamba ni uchafu, yamekaa ziwani miezi tisa, yakamuliwe yamwagwe. Kumbe ndo yana kinga na vitamini A kuliko maziwa yatakayofuata, na ndo yanayosukuma kile kinyesi cheusi cha kwanza, yani ile kazi bibi anayotaka samli iifanye ya kusafisha tumbo, dang'a inaifanya yenyewe na haimpalii mtoto. Samli ikimpalia inaingia mapafuni na hapo ni nimonia, mbali na kituo, usiku, mnaanza kutafuta bodaboda.

Kama unahitaji namba ya kumwonyesha mtu, kuna utafiti ulifanyika Kintampo huko Ghana, vijijini kabisa, ukatoka 2006, watoto karibu elfu 11. Waliopiga hesabu waliona kama watoto wote wangeanza kunyonya ndani ya saa 1 ya kuzaliwa, vifo vya wachanga vingepungua kwa takriban asilimia 22. Kunyonya tu, hamna sindano wala mashine.

Hukumu yangu: samli hapana, maji hapana, asali hapana kabisa mpaka afike mwaka 1, sababu asali inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu ila la mchanga haliwezi. Tahniki naiweka peke yake kwa sababu ni ibada, siwezi kukwambia ugombane na baba mkwe kwenye mambo ya dini. Ninachosema mtoto anyonye kwanza, afu itumike tende na sio asali, kidole kioshwe kwa sabuni, ipakwe kidogo sana karibu isionekane, isiwe bonge la kumeza, na aliyeitafuna asiwe na kikohozi. Ongea na mkunga kabla. Wazee wengi wenye elimu ya dini hawana shida na hilo hata kidogo.

Sufuria ya mama

Hapa sasa ndo patamu, na hapa ndo mila zetu zinawashinda hata hao wenye hospitali za vioo.

Uchagani wana utaratibu mzito kuliko wote, nalisema na mie si Mchaga. Mzazi anakula uzazi miezi mitatu. Miezi mitatu! Halimi, hakati majani ya ng'ombe, hachoti maji, kazi yake kula, kulala na kunyonyesha, na mama mkwe ndo msimamizi. Chakula chenyewe ni mtori wa ndizi na nyama uliopondwa mpaka ukawa mlaini, supu, maziwa, na kisusio. Simulizi za zamani za Kilimanjaro zinasema miezi mitatu ikiisha mama alinyolewa nywele, akavikwa taji la shanga na vazi la ngozi, akapewa fimbo ya kizee, akatoka na mwanae kwenda sokoni huku anaimbiwa nyimbo wanazoimbiwa mashujaa waliorudi vitani. Leo hiyo ya taji sijaisikia tena ila mtori upo, na mume asiyechinja bado anasemwa na ukoo mzima.

Ukiiangalia kitaalamu ni sawa kabisa. Mama amepoteza damu, anapewa damu na nyama zenye madini ya chuma. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada kama kalori 500 kwa siku, na mtori unajaza hizo bila shida. Kitu kimoja tu nakikataa huko, mbege. Kuna bibi wanaamini mbege inaleta maziwa, na kwa kweli pombe inafanya kinyume, inazuia maziwa kutoka vizuri na inapita mpaka kwa mtoto. Ukitaka kinywaji cha nafaka kunywa togwa au uji.

Pwani ni arobaini. Siku 40, na uzazi wa kwanza binti mara nyingi anarudi kwao kwa mama yake, jambo ambalo naona lina akili sana, maana mama yako unaweza kumlilia, mama mkwe unamwonea aibu. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, samaki wa nazi, kukandwa kwa maji ya moto, tumbo kufungwa kanga. Na kuna kitu hakitajwi sana lakini ndo kikubwa: kuna mtu mzima amekaa kitandani pembeni yako anaangalia mtoto anavyoshika ziwa. Chuchu zinazopasuka wiki ya kwanza nyingi ni kwa sababu mtoto kashika ncha tu badala ya kufungua mdomo mpana akachukua na ule weusi, na bibi mwenye uzoefu anaiona hiyo kabla hujaanza kulia.

Yakupunguza pwani ni maji. Kukandwa kunatuliza lakini kuna makungwi wanakanda kwa maji yanayochemka, wamama wanaungua mapaja, mshono unafumuka. Yawe ya moto ambayo mkono wa anayekanda unayavumilia, na kama umepasuliwa usikandwe tumbo mpaka kliniki wakuruhusu. Lingine ni Ramadhani, kuna wanaojilazimisha kufunga na mtoto ana wiki tano, wakati dini yenyewe imempa ruhusa anayenyonyesha asifunge akiogopa kudhurika yeye au mwanae.

Umasaini kuna sura mbili na inabidi uzitenganishe. Akishajifungua mambo ni mazuri, kondoo anachinjwa, wanawake wa boma wanakusanyika, mzazi anakunywa supu yenye mizizi na mafuta, maziwa hayamwishii. Lakini kabla ya kujifungua, miezi ile ya mwisho ya mimba, kuna mila ya kumpunguzia mama chakula makusudi ili mtoto awe mdogo atoke kwa urahisi. Naelewa ilitokea wapi, ukiwa mbali na hospitali mtoto mkubwa anaweza kukuua. Ila mama anaingia kwenye uchungu hana nguvu wala damu ya akiba, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo, na mtoto mwenye uzito mdogo mara nyingi hana nguvu ya kunyonya, kwahiyo hata ile supu nzuri inayokuja baadae inakuta tatizo limeshaanza. Hii ya kabla usiichukue kabisa, ile ya baada ichukue yote.

Sasa njoo kwenye miiko ya chakula maana inachekesha kidogo. Sehemu nyingi mzazi anaambiwa asile maharage, kabichi, wengine mpaka machungwa, eti mtoto atajaa gesi. Vuka mpaka uende kwa Wakikuyu, mzazi ndo analishwa njahi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe, ndo chakula chenyewe cha kuleta maziwa, na watoto wao hawajapasuka. Gesi inatokea kwenye utumbo wako wewe, haipandi kwenye damu ikaingia kwenye maziwa. Na kijijini ukimnyima mama maharage mara nyingi umemnyima protini pekee iliyopo ndani, kwasababu nyama ni ya siku ya kwanza tu, wiki ya tatu hamna mtu anachinja tena.

Mtu ataniuliza, kati ya mtori, uji wa pilipili manga, supu ya kondoo na njahi kipi kinaleta maziwa zaidi? Vyote vinamlisha mama, ila kinachotengeneza maziwa hasa ni mtoto kunyonya, mara nyingi, mchana na usiku, hasa usiku. Ziwa likikamuliwa linajaza, likiachwa limejaa linapunguza uzalishaji. Chagua sufuria unayoipenda na ambayo familia inaiweza.

Maji, uji na chango

Hapa sichagui upande wowote, karibu kila kabila lina lake na karibu yote nayakataa.

Kwanza maji. Hoja ya maji ipo kila mahali kwenye joto, kuanzia Tanga mpaka Lodwar, "mtoto ana kiu". Maziwa ya mama karibu asilimia 87 ni maji. Hata kwenye jua la Turkana mtoto anayenyonya anavyotaka hahitaji maji mengine, tena maji yakijaza tumbo ananyonya kidogo, akinyonya kidogo maziwa yanapungua, maziwa yakipungua bibi anasema unaona nilikwambia maziwa yako hayatoshi, analetwa uji. Huo mzunguko umewanyima watoto wengi ziwa na hakuna aliyekusudia.

Afu chango. Mtoto wa wiki tatu analia jioni, anakunja miguu, nyumba nzima inajua ni chango, hapo inakuja mizizi iliyochemshwa, au zile dawa za tumbo za chupa za dukani. Kulia jioni wiki za mwanzo ni kawaida kwa watoto wengi wazima kabisa, kunakuwa kukali karibu na wiki ya sita afu kunapoa kenyewe mwezi wa tatu au wa nne, ndo maana kila mwenye dawa ya chango anaamini dawa yake ilifanya kazi. Mbebe wima, mcheulishe, mlaze kifuani kwako, mtembeze. Ila akiwa na homa, akikataa ziwa, akitapika kijani au tumbo likiwa gumu hapo sio chango, hapo ni kituo cha afya na ni sasa hivi.

Uji mwepesi wa miezi miwili mitatu unatokana na shamba zaidi kuliko imani, na hili wataalamu wa mjini hawalielewi. Kule Nyanza Wajaluo wana nyuka, bara kwetu ni uji wa mahindi au ulezi, mvua zimeanza, mama lazima akalime, mtoto anaachwa na dada yake wa miaka tisa na kikombe cha uji. Usimwambie huyo mama "mila potofu", mwambie atafanyaje. Ntarudi hapo.

Kwa wafugaji badala ya uji ni maziwa ya wanyama, ng'ombe kwa Wamasai, mbuzi na ngamia kwa Waturkana. Bora kuliko uji mweupe kwa lishe, hilo siwezi kukataa, ila maziwa ya ng'ombe kwa mtoto chini ya mwaka kama ndo kinywaji kikuu yanakwaruza utumbo na yanamwachia upungufu wa damu, na yakiwa mabichi kuna brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Na kama mama ana maambukizi ya VVU hili la kuchanganya linakuwa zito zaidi. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliotoka 1999 ulishangaza watu, watoto waliopewa ziwa tupu bila kuchanganya waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa ziwa na maji au uji au maziwa mengine. Siku hizi mama akimeza dawa zake kila siku bila kuruka ananyonyesha, miezi 6 ziwa tupu, afu anaendelea pamoja na chakula kama wenzake. Bibi anayempa maji kisirisiri hajui anachokigusa, kwahiyo kama hali ni hiyo tafuta mtu mmoja unayemwamini ndani ya nyumba umwambie.

Tunakoelekea ni pazuri lakini. Tanzania mwaka 2010 watoto chini ya miezi 6 waliokuwa wananyonya tu bila kitu kingine walikuwa asilimia 50, 2015-16 wakafika 59, 2022 wakafika 64. Rwanda wako juu zaidi, asilimia 81 mwaka 2019-20, na huko nako ni vijijini, ni jembe na vilima, kwahiyo mtu asikwambie kijijini haiwezekani.

Kubemenda

Hii lazima tuiongee maana ndo inayovunja nyumba. Imani inajulikana Tanzania nzima, baba na mama wakikutana kabla mtoto hajakua, au mmoja akatoka nje, mtoto anabemendwa, anadhoofika, anaharisha, hatembei. Wagogo wanaihusisha kabisa kuharisha kwa mtoto na mwenendo wa mama. Umasaini mume anakaa mbali na mke mwenye mtoto mchanga mpaka mtoto atembee au zaidi, na kwasababu wana wake wengi haileti shida kwa mwanaume, shida ya nani mwingine hamna anayeuliza. Wajaluo wana chira, ni pana zaidi ya tendo la ndoa, ni kuvunja mwiko wowote, mtoto anakonda, inatafutwa manyasi, dawa yao ya mitishamba. Pwani ni arobaini, baada ya hapo dini imeruhusu, lakini hata huko kuna bibi atakuongezea miezi yake.

Ukweli ni kwamba mbegu za kiume hazifiki kwenye maziwa, hamna njia. Ila usiitupe imani yote haraka, ndani yake kuna kitu wazee walikiona kwa macho: mama akishika mimba nyingine mtoto ana miezi saba, maziwa yanapungua, mtoto anaachishwa ghafla anapewa uji mtupu, anavimba miguu, kwashakoo. Walichokiona ni kweli, walikosea sababu. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba inayofuata, ukilinganisha na kusubiri mpaka mtoto atembee utaona wazee hawakuwa mbali hivo.

Kwahiyo kulinganisha hapa ni rahisi: chukua lengo la Wamasai la kupanga uzazi, chukua arobaini ya pwani kwa ajili ya mwili kupona, lakini usimwache mume miaka miwili wala usimwache yeye aende kutafuta nje akuletee magonjwa. Kunyonyesha kwenyewe kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 kama mambo matatu yapo pamoja, hedhi haijarudi, mtoto ananyonya tu mchana na usiku, na hajafika miezi 6. Moja likikosekana nenda kliniki kachukue njia nyingine, zipo zisizopunguza maziwa, vijiti, kitanzi, vidonge vya homoni moja.

Kinachoniuma kwenye kubemenda ni mama mwenye mtoto aliyekonda anavyojificha. Anaogopa kwenda kliniki maana kila atakayemwona kwenye foleni ya mzani atajua alifanya nini chumbani kwake. Mtoto anaharisha nyumbani wiki nzima kwa aibu. Kama una ndugu wa hivo msindikize, usimuulize kitu.

Nani anamshika mtoto

Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi ni watu wachache sana lakini hapa wanatufundisha wote. Mtoto wao ananyonya anavyotaka, kwa kawaida miaka miwili na nusu mpaka mitatu, na chakula cha kuongezea ni unga wa ubuyu uliokorogwa kwa maji, uboho, nyama iliyotafunwa. Kina Kristen Hawkes, wanaanthropolojia waliokaa nao miaka ya 1980, waliona mama akiwa na mchanga uchimbaji wake wa mizizi unashuka, na ukuaji wa yule mtoto mkubwa aliyeshaacha ziwa unaanza kwenda na bidii ya bibi yake. Yani bibi anachimba ili mama akae anyonyeshe. Ni uzazi wa Kichaga uleule, bila mtori.

Kwahiyo swali la kumuuliza mama mkwe sio "utampa mtoto nini", ni "utanipunguzia kazi gani". Hapo ndo utajua uzazi wako uende wapi.

Na yule mama wa shamba nilimwahidi. Njia ya kwanza mbebe uende nae, mbeleko na kivuli cha mwembe. Njia ya pili kamua asubuhi kwa mikono iliyooshwa kwenye kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa, kwenye joto la kwetu yatumike ndani ya masaa 4, na apewe kwa kikombe na kijiko, sio chupa, chupa kijijini kuisafisha vizuri ni kazi. Njia ya tatu gawana shamba na wifi, mmoja analima saa za asubuhi mwingine jioni.

Wengine wanauliza je wifi amnyonyeshe tu? Zamani ilifanyika sehemu nyingi, na Wahadzabe mama mwingine kumnyonyesha mtoto sio ajabu. Kwa Waislamu wa pwani jambo hili lina hukumu zake, mtoto akinyonya mara tano kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi ndani ya miaka yake miwili anakuwa ndugu wa kunyonya na watoto wa huyo mama, kuoana basi tena, kwahiyo lisifanyike kimya kimya, likifanyika liandikwe. Na kwa wote, huyo mnyonyeshaji apimwe VVU kwanza, hata kama ni dada yako.

Kuhusu jicho baya la watu sina ugomvi, wanja na uzi mkononi havina kalori. Wajaluo wanaita sihoho, pwani tunafunika mtoto kwa kanga. Tatizo linakuja pale mama anaogopa kunyonyesha mnadani au kwenye basi akabeba chupa, hapo jicho limemnyima mtoto ziwa kabla hata halijamwona. Funika kanga unyonyeshe.

Kulikiza, yani kumwachisha ziwa

Kwa muda wa kunyonyesha vijiji vyetu viko vizuri, nchini kwa wastani watoto wananyonya karibu miezi 20. Qurani kwenye Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, Shirika la Afya Duniani nao wanasema miaka 2 au zaidi, wafugaji wengi wanafika huko na kupitiliza bila kusoma popote.

Ubaya uko kwenye namna. Pwani shubiri au mwarobaini unapakwa chuchuni, kwingine pilipili, bara mtoto anapelekwa kwa bibi wiki moja asahau. Nikilazimishwa kuchagua nachukua ya bibi kuliko pilipili, ila iliyo bora ni pole pole, unapunguza nyonyo moja, unakaa siku kadhaa, unapunguza nyingine, ya usiku unaiacha mwisho. Na kama unampeleka kwa bibi usimpeleke anaumwa wala kipindi cha njaa, na bibi aachiwe mayai, karanga, dagaa na maharage, asiachiwe unga wa sembe peke yake.

Basi mambo ya kufanya kabla ya wiki ya 36. Amua unaenda wapi kwa kuangalia vitu vitatu, nani atakupokonya jembe na ndoo, kituo cha afya kiko mbali kiasi gani usiku, na nani ndani ya hiyo nyumba anasikilizwa. Ikitokea kwa mama mkwe kuna mtori na kwa mama yako kuna mtu wa kukuelewa lakini hospitali iko karibu na kwa mkwe, nenda kwa mkwe na umwombe mama yako aje wiki mbili za mwanzo. Afu huyo bibi atakayekulea mchukue uende nae kliniki mara moja mimba ikiwa bado, amsikie nesi mwenyewe kwa masikio yake kuhusu maji na dang'a, uulizeni wote maswali hapohapo. Ukisubiri mpaka mtoto analia saa nane usiku ndo uanze kumkatalia mama mkwe kijiko, hutashinda.